Grace Hopper: Lugha sanifu haisimami bila mtihani

Kila mwaka, wanafunzi wa isimu wanapofika kwenye mada ya usanifishaji wa lugha, huzuka swali lile lile: ni nani aliye na mamlaka ya kusema kwamba neno hili ni sanifu na lile si sanifu? Swali hilo si jepesi. Kamati inaweza kuketi, ikachapisha kamusi na kanuni za sarufi, kisha kila mtu akarejea kwake na kuendelea kusema kama alivyosema jana. Usanifu ulio katika karatasi pekee ni kama sheria isiyo na hakimu. Leo nimeazimia kulitafuta jibu mahali ambapo sisi walimu wa lugha ni nadra kupatazama, nako ni katika maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyekuwa mwanahisabati, mwalimu na mwanajeshi, ambaye lugha alizozishughulikia hazina mzawa hata mmoja. Hizo ni lugha za tarakilishi, na mwanamke huyo ni Grace Hopper, aliyefariki dunia tarehe 1 Januari 1992 akiwa na umri wa miaka 85.

Wengi waliolisikia jina lake hulihusisha na kisa cha mdudu aliyenaswa ndani ya mtambo, ambacho nitakigusia baadaye. Wengine humwita mama wa lugha ya COBOL. Kwa maoni yangu, yote mawili huificha kazi yake kubwa. Kazi hiyo ilikuwa na sehemu mbili: kuweka akiba ya maarifa ya watunga programu ili yasitungwe upya kila siku, na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwa ajili ya mtambo mmoja kinaeleweka na mtambo mwingine. Sehemu ya kwanza aliifanya akiwa na umri wa makamo. Ya pili aliifanya akiwa mzee, baada ya kutakiwa astaafu.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Akaifungua, vyuma vikatawanyika, akashindwa kuvirudisha. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyopaswa kuwa, kisha ya tatu, hadi saa zote saba za nyumba yao ya mapumziko zikawa vipande vipande. Mamake hakumpiga marufuku. Alimtengea saa moja tu ya kuchezea. Walimu na wazazi wanaosoma makala haya wanaweza kujiuliza wao wangefanyaje.

Alipofikisha miaka 16 aliomba nafasi katika Chuo cha Vassar, akakataliwa kwa kuwa alama zake za Kilatini zilikuwa za chini. Naam, mtu ambaye baadaye angebadili historia ya lugha za mitambo alizuiwa mlangoni na mtihani wa lugha. Mwaka uliofuata alipokelewa, na mnamo 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya uzamili mwaka 1930, mwaka ambao pia aliolewa na Vincent Foster Hopper, na shahada ya uzamifu katika hisabati mwaka 1934. Tangu 1931 alikuwa amerudi Vassar kufundisha. Huko alikuwa na desturi iliyowakera wanafunzi wake: aliwapa kazi ya kuandika insha kuhusu kanuni za hisabati, kisha akasahihisha lugha yao. Wao walilalamika kwamba walijiandikisha kusoma hesabu, si Kiingereza. Jawabu lake lilikuwa kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haina faida. Huo ndio uliokuwa msimamo wake hadi kaburini.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia mnamo Desemba 1941, Hopper alikuwa mhadhiri mwenye cheo na kazi ya kudumu. Hata hivyo alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alikataliwa mara ya kwanza kwa hoja tatu: umri wake ulikuwa umepita, uzani wake ulipungukiwa na takriban kilo saba, na walimu wa hisabati walihesabiwa kuwa wenye manufaa zaidi madarasani. Alishikilia. Mwishoni mwa 1943 aliapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake, akaenda mafunzoni na kuibuka wa kwanza katika kundi lake. Mnamo Julai 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mradi wa hesabu wa jeshi hilo uliosimamiwa na Howard Aiken.

Huko alikutana na mtambo ulioitwa Mark I. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha takriban mita mbili na nusu, na uzani wa takriban tani tano. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu. Hopper alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kuandika programu za mtambo wa aina hiyo, na ndiye aliyepewa jukumu la kuandika mwongozo wake, kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kilichochapishwa mwaka 1946.

Ilikuwa katika chumba hicho cha Harvard ambapo wazo la maktaba ya programu lilichipuka, wala halikuzaliwa na nadharia yoyote kubwa. Hopper na wenzake, akiwemo Richard Bloch, walikuwa na madaftari. Mmoja akishaandika maagizo ya kutafuta, mathalan, saini ya pembe, na maagizo hayo yakathibitishwa kuwa sahihi, aliyanakili daftarini. Mwingine akihitaji hesabu hiyo hiyo aliazima daftari na kunakili. Kwa njia hiyo hapakuwa na haja ya kuchimba kisima kipya kila mtu apatapo kiu. Lakini punde si punde Hopper aligundua kwamba binadamu ni mnakili mbaya. Herufi moja ilisomwa kuwa nyingine, tarakimu ikarukwa, na anwani za kumbukumbu ambazo zilipaswa kujumlishwa upya kila kipande kilipohamishwa zikajumlishwa vibaya. Kipande kilichokuwa sahihi daftarini kilifika kwenye utepe kikiwa na kasoro. Hayo aliyaweka moyoni.

Hapa ndipo mahali pa kukisema kile kisa cha mdudu. Mnamo Septemba 1947 mafundi wa mtambo uliofuata, Mark II, waliukuta mwili wa nondo katika swichi moja ya umeme, wakaubandika katika kitabu cha kumbukumbu za kazi. Hopper alikisimulia kisa hicho mara nyingi hata watu wakadhani yeye ndiye aliyempata mdudu huyo na ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuyaita makosa ya mitambo wadudu. Si kweli. Si yeye aliyempata, na wahandisi wa Kiingereza walilitumia neno hilo kwa maana hiyo tangu karne ya 19. Ninalitaja hili kwa kuwa wanafunzi hupenda kulinakili katika insha zao bila ya kulipima.

Miaka hiyo haikuwa mepesi kwake. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1945 na hakujaliwa watoto. Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu ya kumpa, na watafiti wa maisha yake wanaeleza kwamba katika kipindi hicho alisumbuliwa sana na ulevi. Mnamo 1949 aliondoka, akaenda Philadelphia kufanya kazi katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya kuuzwa, UNIVAC. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand mwaka 1950. Tofauti ya Harvard na Philadelphia ilikuwa kubwa. Harvard mtambo ulikuwa mmoja na watumiaji wake walikuwa wataalamu wa hisabati. Philadelphia mitambo ilitarajiwa kuuzwa kwa makampuni ya bima na idara za serikali, na hapakuwa na wataalamu wa kutosha wa kuiandikia programu zote hizo kwa mkono.

Basi akayakumbuka madaftari. Kati ya 1951 na 1952 aliunda programu aliyoiita A-0. Vile vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa vilihifadhiwa katika utepe wa sumaku, kila kimoja kikiwa na nambari yake ya wito, kama vile vitabu vilivyopangwa katika rafu. Mtunga programu hakuandika tena kila agizo. Aliandika orodha fupi ya nambari za vipande alivyovitaka pamoja na thamani za kuingizwa. Tarakilishi yenyewe ikavitafuta vipande hivyo katika utepe, ikavinakili, ikazijumlisha upya anwani zote, ikaviunganisha na kutoa programu kamili. Kazi iliyowashinda binadamu, yaani kunakili na kujumlisha bila ya kukosea, ilikabidhiwa mashine ambayo haijui kuchoka. Kwa sababu programu hiyo ilikusanya vipande mahali pamoja kama mkusanyaji wa diwani akusanyavyo mashairi, aliipa jina la kompaila, neno ambalo asili yake ni kukusanya.

Kulikuwa na kizingiti kimoja. Programu mara nyingi huhitaji kuruka kwenda mbele, mahali ambapo bado hapajaandikwa, na anwani yake haijulikani. Hopper alilipata suluhisho katika mchezo wa mpira wa kikapu alioucheza ujanani. Kwa kanuni za wanawake za wakati huo, mchezaji hakuruhusiwa kudundisha mpira zaidi ya mara moja. Ukitaka kusonga mbele ulimpasia mwenzako, ukakimbia, kisha akakurudishia. Akatenga pembe moja ya kumbukumbu ya mtambo iwe kama huyo mwenzake. Mruko wa kwenda mbele ulipelekwa kwanza kwenye pembe hiyo, na mahali palipokusudiwa palipojulikana, pembe hiyo iliupeleka mbele.

Mnamo Mei 1952 alisoma makala yake kuhusu jambo hilo katika mkutano wa wataalamu mjini Pittsburgh. Ungedhani alishangiliwa. La hasha. Wakubwa wengi walishikilia kwamba tarakilishi hujua kuhesabu tu na haiwezi kuandika programu. Baadhi ya watunga programu nao walihofia kwamba siri ya ufundi wao ingemwagwa hadharani, mithili ya fundi asiyetaka mwanagenzi ajue vipimo vya chombo. Alichofanya Hopper ni kuisambaza kazi yenyewe. Toleo jingine, A-2, lilipokamilika mwaka 1953, wateja wa UNIVAC walipewa pamoja na maandishi yake ya ndani, wakaombwa waliboreshe na kurudisha mapendekezo yao. Maktaba ikawa ya jumuiya.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonigusa zaidi mimi nifundishaye isimu. Hopper aliona kwamba karani wa bohari au mhasibu hafikiri kwa alama za aljebra. Yeye hufikiri kwa maneno: toa, linganisha, andika. Katikati ya miaka ya 1950 alipendekeza programu ziandikwe kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, na kompaila izifasiri. Wakubwa wakasema tarakilishi haielewi Kiingereza. Ili kuwaonyesha, aliwatayarishia programu ndogo yenye maneno ya Kiingereza, kisha akabadilisha maneno hayo kwa ya Kifaransa, na baadaye kwa ya Kijerumani, na mtambo ukatoa matokeo yale yale. Alitaraji wafurahi, badala yake wakataharuki. Iweje mtambo uliotengenezwa Pennsylvania uelewe Kijerumani? Ilimbidi awaahidi kwamba ungetumia Kiingereza peke yake.

Msomaji, litazame jambo hili kwa makini. Ferdinand de Saussure, aliyefariki mwaka 1913, alifundisha kwamba uhusiano baina ya neno na maana yake ni wa nasibu, hauna mzizi katika maumbile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hulijua hilo. Kwa mtambo, neno la Kiingereza la kutoa na neno la Kijerumani la kutoa ni mfululizo tu wa alama, na kila mfululizo unaweza kufungwa kwenye kipande chochote cha maktaba. Kilichompa Hopper uwezo wa kubadilisha lugha ni kwamba maktaba iliyokuwa chini haikubadilika. Maneno yalikuwa mlango. Nyumba ilikuwa ile ile. Wakubwa wale waliudhani mlango kuwa ndio nyumba, na sisi walimu tujichunguze, kwani tunapogombana juu ya istilahi mara nyingi tunafanya vivyo hivyo. Hatimaye Hopper aliruhusiwa kuendelea, na lugha yake, FLOW-MATIC, ikaanza kutumiwa na wateja kabla muongo huo haujaisha.

Lakini kila kampuni iliyounda tarakilishi ilikuwa nayo ikitunga lugha yake. Programu ya malipo ya mishahara iliyoandikwa kwa mtambo wa kampuni moja haikusomeka kwa mtambo wa kampuni nyingine. Mteja aliyewekeza fedha na miaka ya kazi katika lahaja ya kampuni moja alikuwa kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe katika kiwanja cha kukodi: hawezi kuhama, na mwenye kiwanja anajua kwamba hawezi kuhama. Mnamo Aprili 1959 kikundi kidogo, Hopper akiwemo, kilikutana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuzungumzia haja ya lugha moja ya shughuli za biashara. Mwezi uliofuata Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaita watengenezaji na watumiaji katika makao yake makuu ya Pentagon. Kamati ikaundwa, na kufikia mapema 1960 ilikuwa imetoa maelezo ya lugha mpya, COBOL.

Je, Hopper ndiye aliyeitunga? Haki itendeke. Yeye alikuwa mshauri wa kamati kuu. Lugha yenyewe ilitungwa na kamati ndogo ya watu kadhaa, na mmoja wao, Jean Sammet, alipinga hadharani miaka ya baadaye kuitwa kwa Hopper mama wa COBOL. Lisilopingika ni kwamba FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa kielelezo chao kikuu. Walichoongeza wanakamati kilikuwa cha busara. Programu ya COBOL iligawanywa katika sehemu nne: utambulisho, mazingira, data na utaratibu wa kazi. Yote yaliyohusu mtambo mahususi yalifungiwa katika sehemu ya mazingira, ili programu ikihamishwa, mahali pa kurekebisha pajulikane. Mnamo Desemba 1960 programu za lugha hiyo ziliendeshwa katika tarakilishi mbili za makampuni hasimu, RCA 501 na UNIVAC II, kwa marekebisho machache tu. Serikali nayo ikatangaza kwamba haitanunua wala kukodi tarakilishi isiyo na kompaila ya COBOL, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Kila kampuni iliitika kwa kinywa kipana kwamba kompaila yake ni ya COBOL, kisha ikaongeza madoido yake, ikaacha sehemu ilizoona ngumu, na ikafasiri vifungu vyenye utata kwa namna iliyoipendeza. Katika muda wa miaka michache zikawepo COBOL nyingi zenye jina moja. Hakuna aliyevunja mkataba waziwazi, ila mkataba ulikuwa umekufa.

Sisi Waswahili tunaijua hali hiyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wapenzi wa Kimvita hawajaacha kulalamika hadi leo, pengine kwa haki. Hata hivyo, kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 haikutegemea uteuzi huo pekee. Miswada ya vitabu vya shule ililetwa mbele yake, ikakaguliwa, na iliyofaulu ikapewa ithibati. Tuipende au tuichukie kamati ile ya wakoloni, ilielewa kwamba usanifu hupatikana kwa ukaguzi, si kwa tangazo.

Jeshi la wanamaji lilikuwa limejaa tarakilishi za kila aina, na lahaja hizo za COBOL ziliwatesa watumishi wake. Mwishoni mwa 1966 Hopper alikuwa ametakiwa kustaafu kutoka kikosi cha akiba, akiwa na umri wa miaka 60 na cheo cha komanda. Miezi saba baadaye, Agosti 1967, jeshi lilimwita tena kwa muda wa miezi sita ili azisanifishe lugha zake za programu. Miezi hiyo sita iligeuka kuwa miaka 19.

Alichokifanya hakikuwa cha kutoa hotuba wala kutunga sarufi mpya. Yeye na kikundi chake waliandika mtihani. Walichukua maelezo ya COBOL kifungu kwa kifungu, na kwa kila kifungu wakatunga programu ndogo ambayo jibu lake lilijulikana mapema. Kompaila ilipewa programu hizo. Ikitoa jibu lililotarajiwa imefaulu katika kifungu hicho, isipotoa imeanguka, na matokeo yanachapishwa na mtambo wenyewe. Hapakuwa na nafasi ya mwakilishi wa kampuni kuja na maneno matamu. Mtihani haukuuliza kama kompaila ni ya kasi au ya kupendeza. Uliuliza jambo moja tu: je, ulichoahidi kwa jina la COBOL unakitimiza?

Athari yake ilikuwa kubwa kuliko mtu angalivyodhani. Kwanza, mtihani uliyafichua makosa ya kompaila. Pili, uliyafichua makosa ya maelezo yenyewe, kwa kuwa kila mahali ambapo makampuni mawili yenye nia njema yalitoa majibu tofauti palikuwa na sentensi ya kanuni iliyoweza kusomeka kwa namna mbili. Tatu, uliipa serikali rungu. Kiwango cha kitaifa cha COBOL kilikuwa kimetolewa mwaka 1968, na mwaka 1972 kikafanywa kiwango cha serikali kuu. Kazi iliyoanzia katika jeshi la wanamaji ikapanuliwa na kuhudumia serikali nzima, ikawa mtengenezaji atakaye kuiuzia serikali sharti kompaila yake ipimwe. Mitihani iliyotokana na juhudi hizo ingali inatumiwa hata sasa na watunzi wa kompaila huria ya GnuCOBOL, ingawa ofisi zilizoianzisha zilikwisha kufungwa.

COBOL yenyewe ilidharauliwa sana na wanazuoni. Edsger Dijkstra, mtaalamu mashuhuri wa Uholanzi, aliiandika vibaya mwaka 1975 kama lugha inayowalemaza wanafunzi akili. Ni kweli kwamba ina maneno mengi kupita kiasi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2000 ulipokaribia, mabilioni ya dola yalitumika kurekebisha programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili, nyingi zikiwa za COBOL. Mtihani hauwezi kuwazuia watu kuandika upuuzi kwa lugha sanifu. Lakini programu hizo zilikuwepo za kurekebishwa kwa sababu zilikuwa zimedumu, zikihamishwa kutoka mtambo hadi mtambo kwa miongo kadhaa. Janga la korona lilipozuka mwaka 2020, jimbo la New Jersey liliwatafuta hadharani wajuao COBOL wasaidie mifumo yake, ikiwemo ile ya malipo ya waliopoteza kazi.

Hata kudumu huko kuna bei. Kanuni za COBOL zilipotaka kubadilishwa mapema katika miaka ya 1980, watumiaji wakubwa walipinga vikali kwa kuwa baadhi ya programu zao za zamani zisingekubaliwa na kompaila mpya, na kampuni moja ya bima ikatishia kwenda mahakamani. Kiwango hicho hakikutoka hadi 1985. Lugha iliyo na watumiaji wengi haiwezi kusonga mbele kana kwamba jana haikuwepo. Hopper mwenyewe hakuwa mtumwa wa mazoea. Ofisini mwake alikuwa na saa iliyozunguka kinyumenyume, kuwaonyesha wageni kwamba mtu huzoea hata hiyo. Aliyachukia mazoea yasiyo na sababu, ila aliiheshimu kazi ya watu iliyokwisha kufanywa.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kufundisha. Alizunguka vyuo na mikutano akigawa vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30, ambao ndio mwendo wa mwanga katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili msikilizaji aushike muda mkononi. Alipandishwa cheo kuwa komodoa mwaka 1983, na cheo hicho kikabadilishwa jina mwaka 1985 kuwa cha admirali wa daraja la chini. Alistaafu Agosti 1986 juu ya meli kongwe ya USS Constitution mjini Boston akiwa na umri wa miaka 79, afisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini wakati huo. Kampuni ya Digital Equipment ikamwajiri mara moja, na alikuwa mshauri wake hadi alipofariki. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Manowari ya USS Hopper ilipewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia nchini humo, miaka 24 baada ya kifo chake.

Walimu wenzangu, turudi nyumbani. Kitu ambacho mimi nimekiita tarakilishi katika makala haya, mwalimu wa Tanzania hukiita kompyuta, na kuna vitabu vilivyowahi kukiita ngamizi. Rununu ya Kenya ni simu ya mkononi ng'ambo ya Namanga. Kama nilivyosema, mlango si nyumba, na tofauti ya jina moja si msiba. Msiba ni mwanafunzi kufunzwa istilahi ambazo hazijapata kujaribiwa popote isipokuwa katika ukumbi wa semina zilikobuniwa. Tunazo kamusi, tunayo mabaraza, na tangu 2015 ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar. Tusichokuwa nacho ni mtihani wa namna ya Hopper, mtihani wa istilahi zenyewe.

Ninapendekeza jambo la wastani. Kabla istilahi mpya ya sayansi haijaingia katika kitabu cha shule, itiwe katika sentensi chache, na sentensi hizo zipelekwe kwa wanafunzi wa Kisumu, Tanga, Bujumbura na Lamu. Waulizwe wameelewa nini, na majibu yao yachapishwe, tuone ni wapi neno limefaulu na ni wapi limeanguka. Pia kila kamusi mpya ijaribiwe kwa vitabu vya zamani: je, mwanafunzi aliye nayo ataweza bado kukisoma kitabu cha fizikia kilichochapishwa mwaka 1990? Kazi hiyo haina fahari. Haimpi mtu sifa ya kubuni neno. Walimu wa shule wanaweza kuianza muhula ujao kwa karatasi na kalamu, hata kabla ya baraza lolote kuitisha mkutano.